William Edwards: Fundi Aliyejenga Daraja Moja Mara Nne

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, kidato cha tatu, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuwasimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wamewachagua wafalme, marais na majemadari. Mimi nimemchagua fundi wa mawe. Msinicheke jameni! Ngojeni kwanza niwaeleze sababu.

Kwetu nyumbani kuna mto. Wakati wa kiangazi ni kijito tu, hata mbuzi huuruka. Lakini mvua ya masika ikianza kunyesha, lo! Mto huo hugeuka simba. Daraja letu ni magogo mawili yaliyolazwa kutoka ukingo huu hadi ule, na juu yake mbao zilizopigiliwa misumari. Tangu niwe darasa la nne, daraja hilo limechukuliwa na maji mara tatu. Kila likichukuliwa, wazee hukutana chini ya mugumo, michango hutolewa, magogo mengine mawili hukatwa, na daraja jingine hujengwa pale pale kwa namna ile ile. Mwaka jana muhula wa pili ulipofunguliwa, nilisimama ukingoni siku nne mfululizo na sanduku langu, nikiyatazama maji mekundu yakipita kwa kishindo. Siku ya nne nikajiuliza: hivi kweli sisi tuna mkosi, ama kuna swali ambalo hatujawahi kuuliza?

Nilipofika shuleni hatimaye, nilikutana na habari za William Edwards katika kitabu kimoja chakavu cha historia ya ujenzi kwenye maktaba yetu. Nilisoma nikasahau kengele ya chakula cha jioni. Basi kaeni kitako niwape uhondo huo.

William Edwards alizaliwa mwaka wa 1719 katika familia ya wakulima, kwenye parokia ya Eglwysilan, jimbo la Glamorgan, kusini mwa Wales. Wales ni nchi ndogo yenye milima mingi, imepakana na England upande wa mashariki. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelshi, na ndiyo lugha aliyoinyonya William pamoja na maziwa ya mamaye. Baba yake alifariki William angali mtoto mdogo. Hakuwa na chuo cha ufundi cha kuendea, wala mjomba tajiri wa kumlipia karo. Alikuwa na shamba, mawe na mikono yake miwili.

Mawe hayo ndiyo yaliyomfungulia njia. Kule kwao mashamba yamezungushiwa kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo. Jiwe hupangwa juu ya jiwe, likabanwa na wenzake hadi likatulia. Kuta hizo hubomoka mara kwa mara na lazima mtu azirekebishe. William alianza kazi hiyo akiwa kijana wa umri wetu, na akawa hodari hata majirani wakawa wanamwita kwao. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwaona mafundi waashi wakichonga mawe kwa wepesi kuliko yeye. Wengine wangeona wivu wakaenda zao. Yeye alisimama akatazama kwa makini, akagundua kwamba siri ilikuwa katika nyundo: nyundo zao zilitiwa chuma cha pua mwishoni. Akajitafutia nyundo kama hizo, na kazi yake ikabadilika kabisa. Tafadhali msomaji, kiweke akilini kisa hiki kidogo cha nyundo, maana tutakirudia.

Karibu na kwao palikuwa na magofu ya ngome kubwa ya Caerphilly, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1268. Watoto wengine walikwenda huko kucheza. William alikwenda kusoma, na vitabu vyake vilikuwa kuta zenyewe. Alichunguza jinsi wazee wa kale walivyochonga mawe na jinsi walivyoyaunganisha. Baadaye alipewa kazi ya kujenga kinu cha kusagia nafaka, na hapo ndipo alipojifunza kujenga tao. Alipokuwa na miaka kama 20 hivi alikwenda mji wa Cardiff kujenga kiwanda cha kufulia chuma. Huko alipanga kwa mwoka mikate mmoja aliyekuwa kipofu, na kipofu huyo ndiye aliyemfundisha Kiingereza. Hebu fikirini! Mchana anajenga, jioni anasoma lugha ya kigeni kwa mwalimu asiyeona. Kweli elimu haina mlango mmoja.

Mwaka wa 1745 William alifanywa mchungaji wa kanisa dogo la Groeswen, karibu na alikozaliwa. Kuanzia hapo alikuwa na kazi mbili: siku za juma alishika mwiko na nyundo, na Jumapili alipanda mimbarani kuhubiri kwa Kiwelshi. Kwa hiyo waumini wake waliosikia mahubiri yake ndio hao hao waliopita kwenye kazi ya mikono yake. Fundi wa namna hiyo hawezi kujenga vibaya halafu akajificha.

Mwaka uliofuata, 1746, ndipo mtihani wa maisha yake ulipomjia.

Mto Taff hutoka milimani, ukateremka kusini kupitia mabonde membamba hadi Cardiff. Mvua ikinyesha milimani, mto hujaa ghafla. Wasafiri waliuvuka kwa miguu au kwa farasi mahali penye kina kifupi, na mto ukifurika, basi, safari imekwisha. Ikaamuliwa kwamba pajengwe daraja la mawe, na William, kijana wa miaka 27, akapewa kazi. Malipo yalikuwa pauni 500. Lakini kulikuwa na sharti. Alilazimika kutoa dhamana kwamba daraja hilo litasimama kwa miaka 7. Likianguka kabla ya hapo, atalijenga upya kwa gharama yake mwenyewe. Akakubali, akatia sahihi.

Daraja la kwanza alilijenga kwa matao matatu, yaani lilikuwa na nguzo zilizosimama ndani ya maji. Lilikuwa daraja zuri na watu walilisifu. Lilisimama kwa miaka miwili na kitu. Kisha mvua kubwa ikanyesha milimani. Mto ukashuka na miti iliyong'oka, vichaka na takataka za kila aina. Vitu hivyo vikanasa kwenye nguzo, vikafungamana, vikawa boma. Maji yakakusanyika nyuma ya boma hilo, yakapanda na kupanda, hata uzito wake ukazidi nguvu za mawe. Daraja likaenda na maji.

Miaka 7 haijaisha. Pesa zimekwisha. Jumapili inakuja na mchungaji anangojwa kanisani. Wewe ungefanya nini? Nadhani mimi ningejenga daraja lile lile tena, nikiomba mvua isinyeshe, kama sisi tunavyofanya kwetu na magogo yetu.

William hakufanya hivyo. Alijiuliza ni kitu gani hasa kilichoua daraja lake. Mawe hayakuwa mabovu. Kilicholiua ni nguzo, maana ndizo zilizonasa miti. Basi dawa ni kutoweka nguzo hata moja mtoni. Akaazimia kuuvuka mto mzima kwa tao moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa futi 140, yaani karibu mita 43. Wakati ule Uingereza nzima haikuwa na tao moja la mawe refu kiasi hicho. Na aliyeazimia hayo ni fundi wa kuta za shamba!

Hapa sharti nieleze kidogo tao ni kitu gani, maana bila hivyo hamtauona utamu wa kisa. Tao ni upinde wa mawe. Kila jiwe huchongwa likawa pana juu na jembamba chini. Kila jiwe linataka kuanguka, lakini haliwezi, kwa sababu jirani zake wa kushoto na kulia wamelibana. Kadiri linavyosukuma chini ndivyo linavyozidi kubanwa. Mzigo hupita kutoka jiwe hadi jiwe mpaka ukafika ukingoni na kumezwa na ardhi. Ila kuna jambo moja: tao halina nguvu hata kidogo mpaka jiwe la mwisho la juu kabisa lipachikwe. Kabla ya hapo, lazima mawe yote yabebwe na kiunzi cha mbao kinachojengwa chini yake. Kiunzi hicho ni kama mgongo wa mama kwa mtoto asiyeweza kutembea.

Basi daraja la pili likaanza kujengwa juu ya kiunzi. Kazi ikiwa inaendelea, mto ukafurika tena, ukachukua kiunzi pamoja na mawe yaliyokuwa juu yake. Mtoto akaanguka kabla hajajua kutembea.

William akaanza upya, mara ya tatu. Safari hii alifaulu kupachika jiwe la mwisho, na tao likafungwa. Ninaamini alivuta pumzi siku hiyo. Lakini lo, furaha haikudumu! Tao la juu kiasi hicho lina mabega mawili makubwa, pale linapoteremka kuelekea kingo. Ili watu wapate njia ya kupita juu, mabega hayo hujazwa mawe na kifusi. Mabega ya daraja lile yakawa mazito mno, huku kipande cha katikati juu kikiwa chembamba na chepesi. Mabega yakasukuma kwa ndani kutoka pande zote mbili, na kipande cha kati kikapanda juu, kama ganda la ndizi unalolifinya ncha mbili. Mawe ya juu yakafyatuka. Tao lote likaporomoka mtoni.

Mara tatu. Na mara hii hakukuwa na gharika la kulaumu. Angalau mara mbili za kwanza angeweza kusema ni mvua. Sasa kosa lilikuwa katika hesabu zake mwenyewe, na kila mtu bondeni alilijua. Deni lilikuwa limemfika shingoni. Wenye mashamba na marafiki wa eneo lile walichanga pesa kumsaidia, na ni lazima walimwamini sana, maana si rahisi kumpa pesa ya daraja mtu ambaye madaraja yake huanguka.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mpaka imechujuka. Lakini nimegundua kwamba mara nyingi tunaitumia vibaya. Tunadhani maana yake ni kushika koleo jingine na kuendelea vile vile. William Edwards ananifundisha kwamba mhunzi mwenye akili huokota vipande kwanza, akavitazama palipovunjikia.

Alipovitazama vipande vyake aliona jambo ambalo mtu wa kawaida asingeliwaza. Daraja likianguka, sisi wote tunafikiria kuongeza: ongeza mawe, ongeza unene, ongeza uzito. Yeye aliamua kupunguza. Kama mabega ndiyo yanayoliua tao kwa uzito wao, basi mabega yatobolewe. Katika kila bega akaacha matundu matatu ya mviringo, yanayopenya kutoka ubavu mmoja wa daraja hadi wa pili. Tundu kubwa lina kipenyo cha futi 9, linalofuata futi 6, na dogo kabisa futi 3, yamepangana kupanda juu kama kaka na wadogo zake. Ukiona picha yake utadhani ni madirisha ya urembo. Kumbe ni sehemu za uzito zilizoondolewa kwa makusudi. Mabega yakawa mepesi, msukumo ukalingana, na kipande cha kati kikatulia mahali pake.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 1756. Kiunzi kiliondolewa na tao likasimama. Lina upana wa futi 140 na kimo cha futi 35. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu atie sahihi ile ahadi ya kwanza. Kijana wa miaka 27 alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 37.

Je, daraja lilikuwa halina ila? Hapana, nisiwadanganye. Lilikuwa na mwinuko mkali mno. Farasi walihema kupanda, na mikokoteni yenye mizigo ilipoteremka ilibidi ifungwe mnyororo wa kuizuia isije ikamkimbilia farasi. Lakini hata ila hiyo William aliisoma. Madaraja aliyojenga baadaye kusini mwa Wales aliyafanya matao yenye mwinuko mdogo kuliko lile la mto Taff. Mojawapo ni daraja la Dolauhirion juu ya mto Towy, karibu na Llandovery, la mwaka wa 1773. Lina tao moja la futi 84 na tundu moja katika kila bega. Matundu yale yalikuwa yamekuwa kama sahihi yake.

Ufundi wake haukuzikwa naye. Wanawe Thomas, David na Edward walifuata nyayo zake wakawa wajenzi wa madaraja. David na Thomas ndio waliojenga daraja la mawe la mji wa Newport juu ya mto Usk, lililokamilika mwaka wa 1800. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa fundi naye ni fundi, ilmradi awe tayari kushika nyundo.

Na uchungaji je? Hakuuacha hata siku zile za aibu. Alilihudumia kanisa la Groeswen mpaka mwisho wa maisha yake. Inasimuliwa kwamba alipokea mshahara aliochangiwa na waumini, kwa kuwa aliona ni wajibu wao kuutoa, lakini aliugawa wote kwa maskini, tena akaongeza na wake. Alifariki mwaka wa 1789, akiwa na umri wa karibu miaka 70, akazikwa Eglwysilan, katika parokia ile ile aliyozaliwa.

Kando ya daraja lake mji ulikua. Zamani mji huo uliitwa Newbridge, yaani Daraja Jipya, na leo unaitwa Pontypridd. Mwaka wa 1857 lilijengwa daraja jingine lililo tambarare ubavuni pake, kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Lile la William likaachiwa waendao kwa miguu. Lingali limesimama hadi leo. Sharti lilikuwa lisimame miaka 7. Limesimama zaidi ya miaka 260.

Sasa nirudi kwetu, kwa magogo yetu mawili.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu yangu kisa hiki chote, jioni tukiota moto. Sikuthubutu kumwambia kwamba wazee wamekosea, maana kwetu mtoto hamfundishi mzee kukamua ng'ombe. Nilimsimulia tu habari za William na matundu yake, nikanyamaza. Babu naye akanyamaza. Nikafikiri amesinzia.

Asubuhi yake aliniamsha mapema tukashuka mtoni. Alinionyesha shina la mti ukingoni. Juu kidogo ya kimo changu palikuwa na nyasi kavu na uchafu ulionasa kwenye matawi, alama ya mahali maji yalipofikia wakati wa masika. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea daraja letu jipya. Magogo yalikuwa chini ya alama ile kwa kimo cha mtu mzima hivi. Miaka yote hiyo tumekuwa tukilijenga daraja mahali ambapo mto hupita! Babu alitikisa kichwa akacheka peke yake. Jumamosi hiyo aliwaita wazee wenzake, na badala ya kukutana chini ya mugumo walikutana pale ukingoni, kwenye ule mti wenye nyasi kavu.

Daraja la juu zaidi bado halijajengwa, kwa sababu nguzo za mawe za kuliinua zahitaji pesa na mafundi. Lakini swali limeulizwa, na mawe ya msingi yameanza kukusanywa.

Nami pia nimeanza kukusanya yangu. Karatasi za mitihani nilizofeli Hisabati, ambazo zamani nilizikunja nikazisukumia chini ya godoro, sasa nimezinyoosha. Kila jioni ninaikalia moja, ninatafuta tao langu lilifyatukia wapi. Mara nyingi ni pale pale: ninaharakisha kuondoa mabano. Mwenzangu msomaji, nawe una daraja lako lililoanguka. Kabla hujakata magogo mengine mawili, nenda kwanza ukingoni ukaangalie alama ya maji.

Kwaherini, na tuonane katika toleo la mwakani, Mungu akipenda.